Jumamosi ya Kuchora Ziwa

Jumamosi, tarehe 25 Novemba 1995. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri. Ukungu ulikaa bondeni mpaka saa tatu, kisha jua likatoka, ila mawingu yalibaki yamejikusanya upande wa Ngaka.

Ndivyo Dorothy alivyoandika juu ya ukurasa wa siku ile. Kila Jumamosi alianza na hali ya hewa, kwa sababu mvua ikinyesha watoto wa ng'ambo ya kijito hawaji, na shughuli iliyopangiwa watoto kumi na mmoja huwezi kuifanya na watoto sita. Daftari lake lilikuwa la kurasa mia moja, limevalishwa jalada la gazeti, na zilibaki kurasa tisa tu.

Hakuwa mwalimu wa kuajiriwa. Alizaliwa Lipingo, kando ya ziwa, katika familia ya Kianglikana, akamaliza darasa la saba, akaolewa Matiri na Egidi, mkulima wa kahawa. Alikuwa amekaa milimani miaka kumi na minne, na bado mawifi zake walimwita mwanamke wa usipa, wale dagaa wa ziwani kwao. Kikundi cha kusoma kilianza pale kanisa lilipoletewa sanduku la vitabu vya watoto na asipatikane mtu wa kujua avifanyie nini. Dorothy aliomba apewe chumba cha mafundisho kila Jumamosi asubuhi. Watoto walikuwa wa miaka mitano hadi minane, na wote walimwita Mwalimu.

Aliogopa kila Jumamosi. Aliogopa kwamba watoto watanyamaza, au kwamba mzazi mmoja atasimama mlangoni na kuuliza ni nani aliyemtuma. Ndiyo maana alipanga kila kitu. Maswali aliyaandika Jumatano na kuyasoma tena Ijumaa, na swali lolote ambalo mtoto angeweza kulimaliza kwa "ndiyo" au "hapana" alilikata kwa mstari. Kitabu kimoja kilichukua Jumamosi kadhaa. Ukurasa wa mwisho hakuusoma pamoja na nyingine. Alipoufikia alifunga kitabu, akauliza, "Mnadhani itakuwaje?" na watoto wakaenda nyumbani na swali hilo kwa wiki nzima. Kuna mama aliyelalamika kwamba mwanawe anauliza mwisho hata anapooshwa miguu.

Kitabu cha mwezi ule kilihusu mtoto wa ufukoni mwa ziwa ambaye kikombe chake cha bati kinachukuliwa na wimbi akiwa anaosha vyombo. Jumamosi ya tarehe 18, swali katika daftari lilikuwa hili: ungekuwa wewe, ungekifuata kikombe majini au ungekiacha, na kwa nini? Watoto wengi wa Matiri hawakuwahi kuliona ziwa, lakini walibishana sana. Tarsisi alisema angekifuata, maana maji yangemfika magotini, kama yanavyomfika kijitoni. Asteria, mtoto wa miaka sita, aliuliza ziwa lina rangi gani. Huyu alikuwa binti wa Vitalia, mdogo wake Egidi, yaani wifi yake Dorothy. Dorothy alimjibu kwamba ni buluu. Mtoto akataka kujua, buluu kama nini? Dorothy alitazama dirishani, akaona udongo mwekundu, migomba, mikahawa na moshi wa majiko, na siku ile hata anga lilikuwa la kijivu. Hakuona cha kumwonyesha.

Hapo ndipo alipokosea. Aliandika kwamba Jumamosi inayofuata watachora ziwa, na kila mtoto alete rangi kutoka nyumbani: udongo, mkaa, majivu, majani ya kuponda. Kisha akawaambia, "Atakayeleta buluu ndiye atakayechora maji."

Jumamosi hiyo ya tarehe 25 Asteria alifika wa kwanza, ameshika kipande cha gazeti kilichosokotwa. Ndani yake kulikuwa na unga wa buluu iliyokolea. Dorothy alifurahi mno. Alidhani ni buluu ya kufulia, ile inayotiwa kwenye mashuka meupe, kwa kuwa mwaka ule maduka mapya yalikuwa yakiuza vitu vya kila namna na kuvipima kwa kijiko. Alimsifu mtoto mbele ya wenzake. Akaukoroga unga kwa maji kwenye kifuniko cha kopo, akafungua daftari na kugawa kazi kama alivyopanga: hawa mchanga, hawa milima, hawa mtumbwi na watu. Maji aliwapa watatu: Asteria, Luisa na Tarsisi.

Brashi hawakuwa nazo. Alikuwa amewafundisha kutafuna ncha ya kijiti mpaka nyuzi zitoke, kama mswaki. Nyuzi zikilala, unazitafuna tena kidogo, unachovya, unaendelea.

Mvua ilianza saa nane mchana. Egidi alirudi mapema kutoka shambani, maana dawa haipuliziwi mvuani. Alisimama barazani, akashusha bomba la kupulizia kutoka mgongoni. Bega la shati lake lilikuwa na madoa ya buluu. Dorothy, aliyekuwa akichambua maharage, aliyatazama madoa yale, akainamia ungo, kisha akayatazama tena.

"Hiyo ni nini begani?"

"Mrututu," Egidi alisema. "Dawa ya kahawa. Leo ndiyo unaiona?"

Dorothy aliijua ikiwa ndani ya mifuko, yenye maandishi na picha ya fuvu, wakati ilipokaa kwenye ghala la chama cha ushirika na kutolewa kwa orodha. Ikiwa imefunguliwa, kavu, hakuwahi kuishika. Aliuliza mwaka huu inapatikana wapi. Egidi alimweleza, huku akikamua shati, kwamba tangu waje wanunuzi binafsi ghala lile limefungwa, kwa hiyo watu wananunua kwa wachuuzi, wanapimiwa kwenye gazeti, na kila mmoja anaficha yake anapojua. Wengine darini, wengine chini ya kitanda.

Maharage yalimwagika. Egidi aliuliza kulikoni, lakini Dorothy alikuwa ameshainuka. Alichukua daftari, akalifunga kwenye nailoni, akatoka mvuani.

Kwa kina Tarsisi ndiko kulikokuwa karibu. Tarsisi alikuwa jikoni anakula kiazi. Dorothy alimshika kidevu, akamwuliza alikitafuna kijiti chake mara ngapi. Mtoto aliinamisha kichwa kama anayeungama. Alisema hakukitafuna hata kidogo, kwa sababu meno ya mbele yameng'oka yote manne, na kwamba alichora kwa unyoya wa jogoo na asingependa Mwalimu akasirike. Dorothy alimkumbatia, akaondoka bila kumwambia bibi yake kilichomleta.

Luisa naye alikuwa mzima, anaruka matone yanayotoka kwenye paa. Alisema rangi ile ilikuwa chungu, akatema, akasukutua mdomo, akamwachia Asteria sehemu yake ya ziwa.

Kwa hiyo ziwa karibu lote alilichora Asteria.

Nyumba ya Vitalia ilikuwa ng'ambo ya kijito, juu ya mteremko wa ngoro, yale mashimo ambayo mahindi hupandwa kwenye kingo zake. Dorothy alipanda akiteleza, mara mbili akaingia shimoni mpaka magotini. Njia nzima alijaribu kukumbuka kama Asteria aliaga alipoondoka, na hakukumbuka. Alikuta mlango umefungwa. Jirani, akiwa chini ya upenu wake, alisema mtoto alitapika tangu saa saba na kwamba amebebwa kupelekwa zahanati. Amekula uyoga mbaya, jirani alisema. Pole sana.

Zahanati ilikuwa na benchi moja, na watu walikuwa wamelijaza. Vitalia alikaa mwisho wa benchi akimpakata Asteria. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Vitalia alilia polepole, akisema ni yeye aliyeuchuma uyoga ule jana, kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba mama yake alimfundisha uyoga gani uachwe lakini hakuangalia vizuri. Wanawake wawili walimfariji. Walikubaliana wote kwamba Novemba hii uyoga umeota vibaya. Nesi Bonifasia, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa anakoroga chumvi nyingi kwenye kikombe cha maji ili mtoto anyweshwe atapike vilivyobaki.

Dorothy alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika. Mmoja wa wanawake alimwambia pole, wifi wa watu, umekuja na mvua yote hii. Hakuna aliyemwangalia kwa mashaka. Angeweza kukaa tu. Huenda ni uyoga kweli, alijiambia. Watoto wangapi wamelishwa uyoga mwezi huu? Na akisema, itakuwaje kwake? Aliuona akilini ukoo mzima wa Egidi umejaa uani, akaona mlango wa chumba cha mafundisho umetiwa kufuli.

Nesi alikiinua kikombe kwenye midomo ya mtoto.

"Nesi, ngoja," Dorothy alisema. "Si uyoga."

"Umejuaje?"

"Ni mrututu. Alichora nao asubuhi, kwangu. Kijiti alikuwa anakitafuna. Mimi ndiye niliyewaambia walete buluu."

Nesi Bonifasia alimtazama kidogo, akaenda dirishani, akamwaga maji ya chumvi nje. Aliuliza ni kiasi gani na tangu saa ngapi. Dorothy alifungua nailoni, akasoma kwa sauti: kuchora kulianza saa nne na robo, kukaisha saa tano kasorobo, unga wote ulijaza nusu ya kijiko cha chai, na kwenye kifuniko ulibaki kama robo yake. Nesi alisema dawa ile huchoma koo, na kumtapisha mtoto ni kumchoma mara ya pili. Alituma watu watafute maziwa na mayai. Alimnywesha Asteria maziwa yaliyokorogwa na ute mweupe wa mayai, kidogo kidogo, kwa kijiko. Alipoulizwa kama atapona, alisema hajui. Wangoje mpaka asubuhi. Asipokojoa, au macho yakigeuka manjano, itabidi apelekwe hospitali ya Mbinga, na kwa mvua hii hakuna gari litakalopanda.

Vitalia hakupaza sauti.

"Nilikuwa najilaani mwenyewe, wifi," alisema. "Kumbe ni ziwa lako. Limepanda mpaka huku juu kumfuata mwanangu."

Dorothy alichuchumaa karibu na benchi, akashika mguu wa mtoto, ambao ulikuwa wa baridi. Baada ya muda Asteria alifumbua macho, akamtambua.

"Mwalimu," aliuliza, "kikombe kilirudi?"

Dorothy alifungua mdomo. Ukurasa ule wa mwisho aliujua kwa moyo, mistari minne tu. Lakini hofu nyingine ilimshika, kubwa kuliko ile ya mlangoni: aliona kwamba akiusema sasa atakuwa amekubali kuwa hakuna Jumamosi nyingine.

"Nitakusomea Jumamosi," alisema.

"Mwambie mtoto," Vitalia alisema.

"Jumamosi, wifi."

"Mwambie sasa. Unajua wewe Jumamosi atakuwa wapi?"

Dorothy alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Asteria alikuwa amefumba macho tena. Vitalia aligeuka, akampa mgongo. Jua lilipokaribia kuzama nesi aliwatoa wote, akabakiza mama peke yake. Dorothy alirudi nyumbani, akamweleza Egidi kila kitu. Egidi alisikiliza, akaenda kuitoa dawa yake chini ya kitanda na kuifungia kwenye debe. Lakini jambo lililomnyima Dorothy usingizi halikuwa ukoo wala kufuli. Mtoto akifa, atakuwa amekufa bila kujua mwisho, na aliyemnyima ni yeye.

Asubuhi yake, Jumapili, kabla ya kengele ya misa ya kwanza, alikwenda zahanati na kitabu chini ya kanga. Mvua ilikuwa imekwisha. Alisimama mlangoni akilitazama blanketi mpaka alipoliona linainuka na kushuka.

"Amekojoa alfajiri," Vitalia alisema bila kugeuka. "Macho meupe. Nesi anasema amevuka. Amekunywa uji, akauliza kikombe, akalala."

Dorothy alishika mwimo wa mlango. Vitalia alimtazama alivyolowa umande, kisha akajisogeza, akamwachia nafasi kwenye benchi.

"Nisomee mimi basi. Nimekesha na hicho kikombe."

Dorothy alisoma tangu mwanzo, kwa sauti ya chini. Alipofika ukurasa wa kabla ya mwisho, mkono wake ulikifunga kitabu kwa mazoea. Vitalia alimwangalia.

"Kumbe ndivyo unavyowatesa watoto wetu."

Dorothy akakifungua tena, akasoma. Mtoto wa ng'ambo anakiokota kikombe, hajui ni cha nani. Anakijaza usipa, anakirudisha majini, na wimbi linakibeba.

"Usipa tena," Vitalia alisema, akamfunika mwanawe vizuri.

Kutoka hapo Dorothy alikwenda chumba cha mafundisho. Alikusanya vijiti vyote sakafuni na dirishani, akavitumbukiza chooni, akaosha kifuniko cha kopo na kukitumbukiza nacho. Kisha akaenda kwa kina Tarsisi. Alimwamkia bibi shikamoo, akamweleza lililompeleka jana mbio mbio, neno kwa neno. Mwishowe Dorothy akaomba manyoya ya jogoo. Bibi aliuliza anataka mangapi.

Dorothy alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina, moja baada ya jingine.

"Kumi na moja," alisema.