Mionzi Kwenye Posa Yangu

Shangazi wa mchumba wangu alifika kwetu Mitwero bila taarifa, akitokea Kiswere, nami nikiwa nimekuja likizo. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa mikononi mwangu. Mshenga alishakuja, mahari ilishapokelewa, kilichobaki ni kupanga siku ya ndoa. Sasa huyu kaja kutafuta nini? Mimi mtu akinisalimia huku ananikagua, damu hunichemka.

"Tunasikia unafanya kazi ya mionzi huko ng'ambo," alisema hata kabla hajakaa vizuri.

Nilimweleza, tena kwa kirefu, maana nikiulizwa kazi yangu huwa sijui pa kukomea. Napima vihisi vya silikoni, vidogo kuliko ukucha, vinavyotambua mwanga hafifu mno ndani ya mitambo ya kuchunguza chembe zinazounda kila kitu. Chembe hizo zikivipiga kwa muda mrefu, atomi za ndani husukumwa zikatoka mahali pake. Tangu hapo kihisi huanza kusema uongo: kifungie kwenye giza totoro, kitakwambia kimeona mwanga. Mimi napima uongo huo umefikia wapi. Kabla ya kuvipima tunavihifadhi kwenye friza, kwa sababu vikipata joto hujiponya kidogo, na vipimo vikawa si vyenyewe.

"Na mtu je, hupona?"

Nilimwambia mimi sikai kwenye mionzi. Vihisi hunifikia vikiwa salama kushikwa, na juu ya hayo navaa kifaa kifuani cha kupima kama mionzi imenifikia. Nilidhani nimemtuliza. Akamgeukia mama: "Umesikia, dada? Mpaka yeye wanampima."

Juisi ya ukwaju aliyotengewa, ya baridi kutoka kwenye friza, hakuigusa. Mama alinuna, akaamini tumedharauliwa. Mimi niliamini tumeogopwa kama wachawi. Mgeni alishaondoka, tulikuwa tunaosha vyombo mama aliposhika kiuno ghafla. "Wewe! Hilo friza ulilomtajia, kadhani ni hili letu!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kicheko kilipoisha nilibaki na swali: nani alimtuma? Upande ule, habari za kazi yangu nilimsimulia mtu mmoja tu.

Mtu huyo, mchumba wangu, alikuja kesho yake. Nilimuuliza mbele ya mama, sikuzunguka. Akaapa wallahi hakumtuma mtu, akacheka sana habari ya friza, akanywa glasi mbili za juisi na kuomba ya tatu. Moyo wangu ukatulia. Niliona hata aibu kumshuku mtu anayenipenda hivi.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Akanishika mkono, akasema kwa upole, "Nenda tu hospitali ukapime uzazi. Ili wazee wanyamaze."

"Sawa," nikasema. "Twende wote."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa anatania. "Mimi nikapime nini? Mimi nauza simenti."

Bodaboda aliyoiita ikasimama pembeni yetu. Nilikuwa nampenda, hilo sikatai, na nilikuwa na hasira. Nikautoa mkono wangu mkononi mwake.

"Waambie wazee waendelee kusema watakavyo," nikamwambia. "Ndoa haipo."