Jumba la bosi Ujerumani na huu mdomo wangu

Wanangu, leo mdomo wangu umeniuza mpaka Ujerumani.

Asubuhi nawaendesha bosi na madamu, tumekwama kwenye foleni mtaa wa Najma, hapa Doha. Bosi anamwonyesha mkewe picha ya jumba la kale alilonunua Ujerumani. Lina mnara, na nyuma ni msitu mtupu.

Madamu akauliza, "Lilikuwa la nani?"

Bosi akamweleza: alilijenga tajiri mmoja, akazikwa hapohapo bustanini. Vita vikaja, wanajeshi wakalichukua. Baadaye serikali ikalifanya hospitali ya wagonjwa wa kifua. Mwisho akalinunua daktari wa meno. Akakaa msimu mmoja wa baridi, akahama na kuacha hata vitanda.

"Hilo lina majini! Silali humo," madamu akasema.

Si ningenyamaza? Mimi na kunyamaza wapi na wapi!

Nikadakia, "Madamu, mimi mtu wa Tanga. Kwetu majini tunayatuma dukani."

(Tanga nimepita na basi tu, mnanijua.)

Madamu akasogea mbele. "Wallahi, Hamisi? Basi utatangulia wewe. Ulale humo peke yako wiki nzima, uyatoe. Sisi tutafuata."

Nikacheka. Hakucheka mtu mwingine.

Bosi kaniambia kesho nilete pasipoti, viza anashughulikia yeye. Nikikataa, kazi sina.

Jamani, mimi hata hapa Doha nalala na taa inawaka!

Mwenye babu Tanga wa ukweli aniandikie hapa chini haraka: jini la Kijerumani linasomewa kwa lugha gani?