Jina la Ubatizo Lililovaa Abakosti

Nilibatizwa nikiwa na nywele nyeupe na wajukuu sita. Kusoma sijui, darasani nilikaa mwaka mmoja tu, na huo nao mwalimu aliumaliza akinituma kuchota maji. Kwa hiyo katekisimu niliimeza kwa masikio, miaka mitatu, swali na jibu, nikisonga bukari, ugali wetu, huku midomo inacheza. Wajukuu walidhani akili imenitoka. Siku padri aliponimwagia maji na kunipa jina, nililishika kama mzazi anavyoshika mtoto wa kwanza. Hakuna atakayenipokonya.

Jina lilikuwa la Kilatini, refu, na ulimi wetu ukalitengeneza kama unavyotengeneza kila kitu cha wazungu. R ikawa l, mbele tukabandika ka, nyuma tukafunga na i, na kipande kizima cha katikati tukakitupa. Mwezi haujaisha, padri mwenyewe alikuwa akiniita vile wanavyoniita sokoni.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba majina ya Kikristo ni ya ukoloni. Kila mtu arudie jina la mababu, na padri atakayebatiza mtoto kwa jina la kigeni atafungwa. Katika kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba watu walivua majina upesi kuliko mashati. Jirani yangu, mkubwa wa wamama wa Rozari, alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kadi mpya. Nilimuuliza siku ya mwisho Bwana atamwita jina gani. Akanijibu kwamba Bwana naye ataangalia kadi.

Mimi sikwenda. Basi mkuu wa selula, tawi la chama hapo kambini, akanifuata nyumbani na daftari lake, shingo imekabwa na abakosti, lile koti la chama lisilovaliwa na tai, jasho linamtiririka. Huyo alitumikia misa mpaka ndevu zikaota. Sasa ukimwita jina lake la zamani alikuwa hageuzi kichwa.

"Kambo, nipe jina ya bankambo," akasema, yaani bibi nimpe jina la mababu.

Nikampa jina langu la ubatizo, vile linavyotoka kinywani mwangu. Sikuwa na hila yoyote. Blanketi la kwenda nalo gerezani nilikuwa nimekwisha kulifunga, liko nyuma ya mlango.

Akaandika. Hakushtuka hata kidogo; masikioni mwake lilikuwa jina la kijijini kabisa. Akauliza tu jina hilo lina maana gani.

Hapo ningeweza kumdanganya. Kuokoa jina takatifu kwa uongo ni kufua nguo nyeupe kwa makaa. Nikamwambia kweli yote.

"Ilikuwa jina ya mwanamuke moja wa zamani. Mufalme alimulazimisha apigie sanamu yake magoti. Akakatala. Bakamukata kichwa."

Kalamu ikasimama. "Ni bazungu ndio balimukata?"

Nikafikiri. Katekista alitufundisha kwamba ni Warumi. "Balikuwa bazungu," nikajibu.

Akapiga mstari chini ya jina langu, mara mbili.

Kwenye mkutano wa chama akanisimamisha mbele ya kambi nzima, akasifu bibi yetu wa zamani, shujaa aliyekataa kupigia magoti sanamu ya mfalme. Nyuma yake ilining'inia picha kubwa ya Kiongozi, ambayo tulikuwa tumetoka kuichezea ngoma tangu asubuhi. Wamama wa Rozari waliziba midomo kwa vitambaa. Jirani yangu peke yake hakucheka. Yeye alikuwa ameacha jina la mtakatifu na kuchukua la nyanya yake, ambaye miaka yote alitwambia alikuwa mchawi.

Haikupita masika, mke wa mkuu akajifungua binti, na mume akaja kuniomba jina. Kwetu mtoto akipewa jina lako anakuwa majina yako, yaani somo wako, na majina unamlea kama damu yako. Nikakubali kwa sharti moja: abatizwe.

Siku zile padri alikuwa akibatiza watoto kwa majina ya kijijini, na la mtakatifu akilinong'ona chini kiasi kwamba mtakatifu mwenyewe asingesikia. Huyu wetu, ambaye jina lake lilikuwa la mtakatifu na la daftari la chama pia, alimwita kwa sauti iliyofika mlangoni. Baba mtu, na abakosti yake, alipiga makofi.

Nilimchukua majina yangu mikononi. Miaka mitatu ya maswali na majibu ilikuwa imepata masikio mapya, na mimi nilikuwa na kazi. Nikaanza swali la kwanza la katekisimu tukiwa bado njiani, mkuu wa selula akitushikia mwavuli.