Maneno Niliyomwongezea Mgombea

Kidato cha nne nilikimaliza kwenye masomo ya jioni, mtu mzima mwenye watoto watatu, na tangu siku hiyo kijiji chetu kizima cha Kirushya kilinihesabu kuwa mkalimani wa dunia. Ndiyo maana mgombea alipokuja kwetu nilipewa kipaza sauti cha pili. Yeye aseme Kiswahili, mimi niwageuzie wazee kwa Kihangaza.

Mgombea alikuwa fundi wa kusema bila kushikika. "Ardhi ya wananchi itarudi kwa wananchi," akasema, akatabasamu, akanywa maji. Nani kaichukua? Hakutaja. Uwanja ukapoa kama ugali wa jana, na mimi uwanja uliopoa siuwezi. Nikatafsiri, nikatia chumvi gunia zima: "Waliovuka mpaka na mizigo kichwani waanze kufunga virago!"

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, miluzi, makofi ya kuangusha ndizi mgombani. Mgombea, asiyejua hata neno moja la Kihangaza, akanipa mkono. Nikavimba. Kisha nikamwona mama mkwe wangu katikati ya wanawake, mikono imelala mapajani. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, mzigo kichwani.

Asubuhi mke wangu alirudi mbio kutoka kwao.

"Mama anang'oa maharage."

"Si bado mabichi?"

"Ndiyo maana nakwambia!"

Mama yake alishamsimulia kwamba hivyo ndivyo wazazi wake walivyofanya kule Burundi, siku moja kabla ya kukimbia: waling'oa hata yasiyokomaa, wapate cha kubeba.

Kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Nikajibanza nyuma ya migomba, nimempa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Yale ya jana hakuyasema mgombea. Niliyaongeza mimi. Utani wangu tu, mama, unanijua."

Nikasikia shina likitoka ardhini, udongo ukikung'utwa.

"Na makofi," akauliza, "nayo uliyaongeza wewe?"

Nikamkumbuka jirani anayeazima jembe la mama kila msimu. Nikamkumbuka yule mwanamke anayekaa naye benchi moja kanisani. Wote walipiga makofi, tena kwa kusimama.

"Jumapili nitasimama mbele ya watu wote, niseme nilidanganya."

"Sema, baba. Watakusikia."

Shina jingine likatoka. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, niligeuka nikamtazama. Hakuwa ananitazama mimi. Macho yake yalikuwa barabarani, ambako gari la matangazo la mgombea lilikuwa likipanda kilima polepole, na mikono yake haikuacha kung'oa.