Seuri Anaandikwa kwa Nani

Tangu mjumbe apite bomani kutangaza bima ya afya ya familia, Nalangu hakuwa na raha. Ng'ombe alikamua, maziwa akapeleka barabarani kuuza kama kawaida, lakini akili haikuwa pale. Mjumbe alikuwa amesema kadi moja inachukua baba, mke mmoja na watoto wanne, basi. Na Metito, mumewe, alikuwa na wake wawili.

Si kwamba aliogopa kuachwa yeye. Mwili wake ulikuwa mgumu. Miaka yote aliyoishi katika mbuga hizi za upande wa Kilangali, hospitali alikwenda kumsindikiza mtu tu. Aliyemtia hofu ni Seuri, mwanawe wa miaka sita, mwenye pumu. Vumbi la kiangazi likianza, kifua cha mtoto kinapiga filimbi, na Nalangu anamfunga mgongoni na kupanda naye bodaboda mpaka Mikumi. Manesi wa kule walishamzoea. Walimwita Mama Seuri, naye aliitika kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Seuri hakuzaliwa na yeye. Alizaliwa na Beatrice, mke mdogo. Nalangu hakujaliwa mtoto, na kwa mila yao mke wa namna hiyo hapewi pole tu, hupewa mtoto. Seuri alipoacha kunyonya, Beatrice mwenyewe alimleta mpaka mlangoni kwa Nalangu, na tangu siku hiyo boma zima lilijua mtoto ni wa nani. Lakini watu wa bima wangejuaje mambo ya bomani?

Hofu ikamfanyisha vituko. Akaanza kumzuia Seuri asiende nyumbani kwa Beatrice, na nyumba zenyewe zilitenganishwa na zizi tu. Mara amtume kuni, mara amwambie kule kuna moshi utamuumiza kifua, kana kwamba kwake yeye walipikia umeme. Jioni alimkalisha na kumfundisha.

"Ukiulizwa mama yako nani, utasema nani?"

Mtoto akamshangaa. "Si wewe?"

Kabla hajalala akamuuliza tena.

Siku ya kuandikishwa walikwenda wote ofisi ya kijiji. Mwandikishaji alikuwa msichana aitwaye Doris, simu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Metito aliitikia.

Doris akauliza ni mke yupi ataandikwa pamoja naye. Metito akamtaja Beatrice, kwa sababu yeye ndiye mwenye watoto. Nalangu alilitegemea jambo hilo, lakini hiyo sababu ilimchoma.

"Na mama huyu tunaweza kumkatia kadi yake," Doris alisema. "Ila humo yeye ndiye anakuwa mkuu wa kaya. Mume haonekani."

"Sawa," Metito alisema, "nitauza mbuzi mwingine kuilipia."

"Watoto?"

"Wale watatu wa Beatrice, na Seuri. Nafasi zinajaa vizuri."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga mifugo zizini, na wala hakugeuka kuona nani ameumia. Mbele ya watu mke hampingi mumewe, na hata Nalangu angesema, angesema nini? Alishaiona siku Seuri atakapobanwa kifua: Beatrice yuko juu ya bodaboda, manesi wanamwita Mama Seuri, na yeye amebaki bomani na kadi yake ya mtu mmoja. Akamkamata mtoto bega kwa nguvu.

"Mama, unaniumiza," Seuri akalalamika.

Doris akainua simu apige picha. "Seuri, njoo huku kwa mama yako," akasema, akimwonyesha Beatrice.

"Subiri kwanza, dada," Beatrice alisema. Akamgeukia mumewe, macho chini kama inavyotakiwa, lakini sauti haikutetereka. "Baba, huyo usimweke kwangu. Nilimzaa, nikampa mwenzangu. Hatuwezi kumnyang'anya kwa ajili ya kadi."

Metito alikohoa, akajikuna kidevu. "Kweli," akasema hatimaye. "Mwandike kwa mama yake."

Doris akafuta, akaandika upya. Nalangu alisimama kupigwa picha na mwanawe, mkuu wa kaya yenye mtoto mmoja, na furaha ilimjaa hata akashindwa kutazama simu.

Walipotoka nje, Beatrice aliwaacha wanawe watangulie na baba yao. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Seuri," akaita taratibu, "sasa ameshaandikwa kwako. Kesho utamwacha aje anywe maziwa kwangu?"

Nalangu aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akauachia mkono wa mtoto.