Springi Alizofunga Norbert

Kitendawili!

Nyumba yangu ina mlango. Ukifungwa kwa wakati, tunaishi. Ukichelewa kidogo tu, mwenye nyumba anapanda, anaugonga kwa kichwa, na nyumba nzima inakufa.

Mumeshindwa? Basi nipeni mji.

Ni supape, kale kamlango ka injini. Springi njo inakarudisha. Injini ikizunguka kupita nguvu ya springi, supape inaelea, haijarudi, na pistoni inapanda kuikuta palepale.

Paa! Kwisha.

Msinishangae. Mi Koko Gertrude, wa Bukavu, nilifika darasa la tano tu. Haya nilichorewa kwa kijiti kwenye vumbi la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, na mjukuu wangu Norbert, fundi.

Mwaka 2012 Norbert alifanya kazi gereji moja ya Biwi, mjini Lilongwe, bila kibali cha kutoka kambini. Patron, Mmalawi, alikuwa na gari ya turbo. Akaagiza kamshafti ya mashindano, ile chuma inayosukuma supape.

Norbert akagoma kuifunga.

“Bosi, hii inafungua supape sana, na turbo nayo inasukuma. Springi za zamani zitalegea.”

“Iwe! Fundi ni wewe ao springi?”

Lakini patron akanunua springi ngumu, Norbert akazifunga. Akaapa: “Tukishinda, kibali nakuombea mi mwenyewe. Uhamie mjini na agogo wako.”

Agogo, yaani bibi, njo mi. Sikulala kwa furaha. Kutoka kambini! Mlango wetu ulikuwa huo mmoja.

Dereva alikuwa Rémy, mdogo wake Norbert. Ketsia, mke wa Rémy, alikuwa na mimba kubwa.

Jumapili ya mashindano, barabara ya Nathenje. Nilitoka kanisani moja kwa moja, na kitenge changu cha kwaya.

Gari ikatoka. Turbo inapiga mluzi, wenzake wako nyuma wanakula vumbi. Nikaruka kama mtoto.

Mara injini ikalia. Si kulia kwa kawaida. Ni kama mbuzi ameona kisu. Norbert pembeni yangu akashika kichwa.

Ta-ta-ta-ta. Moshi. Kimya.

Wakafungua injini. Supape zimepinda, pistoni zimetoboka.

“Nani ameua gari yangu?” Patron akafoka. “Huyo analala polisi leo, na kwao Congo nitamrudisha!”

Rémy akaangalia viatu vyake.

“Ni mi,” Norbert akasema. “Springi nilizipima vibaya.”

Polisi ilimlaza, ikamrudisha kambini. Habari ikapita gereji zote za Lilongwe: yule Mkongomani msimpe hata kubadilisha oili. Akabaki kuziba matairi ya kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria. Kwenye pompi ya maji batoto bakamwimbia, “Fundi Supape! Fundi Supape!” Naye anacheka nao, anaendelea kuziba.

Nikamuuliza, “Norbert, weye unayepima hata chumvi ya maharage, springi ulishindwaje kupima?”

Akakata tonge la nsima. Nilimuuliza mara nyingi, akawa anatoka nje.

Mwaka 2014 akapita Msumbiji, anatafuta Afrika Kusini. Simu yake haikulia tena. Hatuna kaburi, hatuna habari.

Somo naliweka hapa, maana nikifika mwisho nitashindwa. Mtu akikubali kosa haraka sana, msifurahi kwamba mumepata wa kulaumu. Muulizeni na yule aliyenyamaza pembeni.

Mwaka huu wa 2018 Rémy alikuja kutoka Chinsapo, kule mjini, na binti yake, yule wa mimba ile, anasoma sasa. Tulikuwa tunakula. Mi nikajisemea tu, kama kawaida yangu:

“Lakini Norbert, ulishindwaje kupima?”

Rémy akasukuma sahani.

“Koko, alipima. Springi zilikuwa sawa.”

Nikamwangalia.

“Kwetu nilijifunza gari ya usukani wa kushoto. Vitesi, ile gia, unashika na mkono wa kuume. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, unavuta nyuma, unasukuma mbali na mwili kidogo. Hapa ni mkono wa kushoto, na mbali na mwili njo kwenye ya pili. Siku ile nikasahau, nikasukuma mbali na mwili. Ikaingia ya pili, na gari iko inakimbia vile, magurudumu yakazungusha injini kupita kiasi. Hakuna springi ya dunia hii ingeweza.”

“Norbert alijua?”

“Aliisikia injini, Koko. Akanikuta kwenye moshi, akaniambia, ‘Ketsia iko karibu kuzaa. Nyamaza.’”