Lango la Mgeni Rasmi

Nafundisha Kiingereza kidato cha nne, katika shule ya kutwa iliyo pembeni mwa Mtendeni, hapa Tabora. Mada niliyoipenda kuliko zote ni hotuba ya kushawishi. Tangu mahafali ya mwaka jana, kila nikiifikia nasikia kinyaa.

Wanafunzi hunifikia wakiwa wameshaharibiwa na midahalo. Mtoto akisimama atamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na waheshimiwa wajumbe wote, na akimaliza salamu muda nao umekwisha. Mwaka jana nikapiga marufuku salamu. Nikawaambia kila mmoja achague jambo analolitaka kweli, amfikirie mtu mwenye uwezo wa kulitoa, aseme naye kwa Kiingereza chepesi. Wengi walitaka simu ziruhusiwe shuleni. Binti mmoja wa kijiji cha Ntalikwa, mpole, anayekaa karibu na dirisha, alitaka choo.

Choo cha wasichana kilikuwa kimejaa tangu masika. Sitakieleza, aliyekiona anajua, ambaye hajakiona amshukuru Mungu. Uzio wetu ulikuwa na uwazi mpana upande wa barabara, na wasichana walikuwa wakipita hapo, wanavuka kwenda kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyewaruhusu kutumia choo cha uani kwake. Wakiwa katika siku zao wengi hawakuja shule kabisa. Binti aliyasema hayo bila kupaza sauti. Alisema anapenda hesabu, lakini kila mwezi kuna mada inampita akiwa amelala nyumbani wala haumwi. Kisha akanyamaza, akatutazama. Wavulana waliokuwa wakichekea viganjani wakaacha. Mimi mwenyewe nilisahau kumpa alama.

Mahafali yalikuwa yanakaribia, na risala ya wanafunzi kwa mgeni rasmi ilikuwa haijapata msomaji. Nikampeleka binti kwa mkuu wa shule. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akafurahi waziwazi.

"Huyu huyu," akasema. "Maneno matamu humtoa nyoka pangoni."

Siku ya pili akanipa risala aliyoiandika yeye, kwa Kiswahili. Choo hakikuwamo. Mahali pake palikuwa na lango: shule inaomba, kwa machozi, lango la chuma.

Nilipouliza sababu, alinieleza taratibu, kama anamweleza mtu aliyeshuka kwenye treni jana. Mgeni rasmi haombwi kitu asichonacho. Kwanza unawapigia simu watu wake, wanakwambia amekusudia kutoa nini, kisha risala inalilia kitu hicho hicho, naye anakitoa papo hapo kana kwamba ameguswa. Mgeni wetu alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Urambo, na lango alishalichomelesha, jina lake likiwa juu kwa herufi kubwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mkuu akamalizia.

"Na wasichana, mkuu?"

"Mwalimu, mgeni haji na choo kwenye lori. Ukimwomba asichokileta unamwaibisha mbele ya watu. Mwakani haji."

Niliomba sentensi moja tu ya choo, hata mwishoni. Akakataa.

Siku yenyewe lori liliegeshwa nje ya uzio tangu asubuhi, lango limefunikwa turubai fupi, miguu yake ya chuma inachungulia. Wazazi wote walipita ubavuni mwake wakiingia. Binti akasimama kusoma, na alisoma vizuri. Hapo ndipo nilipochefukwa. Kila nilichomfundisha kilikuwapo: alirudia neno mahali pa kurudia, akashusha sauti alipofika kwenye ombi, akanyamaza mpaka watu wakainua vichwa. Kina mama walifuta machozi, kwa ajili ya lango ambalo walikuwa wamelipita mlangoni.

Mgeni akasimama na leso yake. Akasema hakuja amejiandaa, lakini maneno ya binti huyu yamemchoma, hawezi kurudi Urambo bila kufanya kitu. Akatoa simu, akapiga palepale jukwaani. Lori likaingia kabla hajaketi. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikaimba, wala sikuona mtu hata mmoja akicheka. Nilimchukia mgeni, nikamchukia mkuu, nikayachukia na makofi yaliyonizunguka.

Kisha mgeni akamwita binti, akamshika bega. "Mwanangu, una lingine la kuniambia?"

Niliomba Mungu kimoyomoyo. Binti akamtazama mkuu, halafu mgeni.

"Hapana, baba. Tunashukuru."

Baadaye nilimkuta nyuma ya jukwaa, nikamuuliza kwa nini hakusema. Hakuonekana kusikitika.

"Mwalimu, alikuwa ameshageuka kwa mpiga picha."

Lango likasimikwa kwenye ule uwazi wa uzio wiki iliyofuata. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa bado wanakuja kujiandaa na mtihani wa taifa. Mkuu akatangaza mstarini kwamba litafungwa kwa kufuli toka kengele ya asubuhi hadi ya kutoka, ili kukomesha utoro, kwani lango lisilofungwa lina faida gani. Nilikwenda ofisini kumkumbusha habari za wasichana na duka la vitambaa. Akasema wavumilie, choo kitaingizwa kwenye bajeti.

Siku ya kwanza ya kufuli, kipindi cha pili, binti aliomba ruhusa ya kutoka. Akarudi upesi, akasimama mlangoni mwa darasa, sweta amelifunga kiunoni.

"Mlinzi amekataa," akasema.

"Umemwomba vizuri?"

"Nimeanza na salamu ya kwetu, mwangaluka, babu. Nikamweleza kila kitu, kama nilivyoeleza hapa darasani."

"Akasemaje?"

"Amesema ninajua sana kuongea, hata mgeni rasmi alilia. Amesema ufunguo anao mkuu, na mkuu amekwenda mjini."

Binti akarudi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akakaa kwa paja moja, sweta likiwa bado kiunoni. Lango hufunguliwa saa nane na nusu.